Kifaru na Askari Wake: Kwa Nini Zama za Vifaru Hazijaisha

Katika mabaraza mengi ya Mji wa Kale, baada ya swala ya Isha na vikombe vya kahawa chungu kuanza kuzunguka, kuna mabishano ambayo yamekuwa yakirudi tangu mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopamba moto. Kijana hutoa simu yake na kuonyesha video ya sekunde chache ambamo droni ndogo, inayobebeka kwa mkono mmoja, inashuka juu ya kifaru cha tani zaidi ya arobaini; panatokea mwako, kisha kichwa cha kifaru, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake, kinaruka hewani kama kifuniko cha sufuria. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba zama za vifaru zimekwisha. Mwingine hujibu kwamba kama zimekwisha, mbona mataifa yenye majeshi makubwa yangali yanavinunua kwa mabilioni ya dola? Hapo mazungumzo hukwama, kwa sababu kila upande una ushahidi wake, na hakuna upande uliokosea kabisa.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili vizuri. Tarehe 12 Februari 2009 meli iitwayo MV Faina ilitia nanga Kilindini ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, baada ya kutekwa na maharamia katika pwani ya Somalia tarehe 25 Septemba 2008 na kuzuiliwa kwa zaidi ya miezi minne. Serikali ya Kenya ilisema kwamba shehena hiyo ilikuwa ya jeshi lake, ilhali hati za mzigo na taarifa zilizofuata zilielekeza kwamba ilikuwa ikienda Sudan Kusini. Mzozo wa mwenye mali si mada yangu leo. Ninachotaka msomaji akikumbuke ni aina ya vifaru hivyo, kwa sababu T-72 ni ya ukoo ule ule wa vifaru ambao vichwa vyao huonekana vikiruka katika video nyingi za Ukraine, na sababu ya kuruka huko, ambayo nitaieleza, haitokani na droni kama watu wanavyodhani.

Kifaru ni nini hasa?

Nusu ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Si kila gari la chuma lililopakwa rangi ya jeshi ni kifaru. Magari ya deraya yenye magurudumu ya mpira na mlango wa nyuma wa kushushia watu ni magari ya kusafirishia askari, na kazi yake ni kumfikisha askari karibu na mapambano bila ya kupigwa risasi njiani. Mzinga mkubwa uliopandishwa juu ya gari la minyororo, ambao hupiga shabaha zilizo kilomita ishirini au zaidi nyuma ya vilima, nao si kifaru, ijapokuwa kwa mbali unafanana nacho. Kifaru ni gari linalokusanya mambo matatu kwa pamoja: mzinga mkubwa unaolenga moja kwa moja kitu ambacho mpigaji anakiona; deraya nene inayoweza kuhimili silaha ambazo zingelipasua gari jingine lolote; na minyororo ya chuma badala ya magurudumu, ili uzito wote huo utandazwe ardhini na gari liweze kupita kwenye tope, mitaro na mashamba yaliyolimwa. Kati ya matatu hayo, ukiondoa lolote, kilichobaki ni chombo kingine chenye kazi nyingine.

Uzito wenyewe si mdogo. Kontena refu la futi arobaini likijazwa hadi mwisho wa kiwango chake hufikia tani 30 hivi. T-72 basi ina uzito wa kontena kama hilo moja na nusu, na Abrams ya Marekani ina uzito wa makontena mawili na ziada. Uzito huo ndio ngao yake na ndio pingu yake. Mwezi Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, Tanzania haikuweza kuvusha vifaru na mizinga yake kwenda kuwatoa wavamizi mpaka wahandisi wake walipotengeneza daraja la muda. Kwa mkaaji wa kisiwa kama sisi, anayejua maana ya kusubiri kuvuka Likoni, hilo halihitaji maelezo marefu.

Kiswahili kilipolipa gari hili jina la kifaru kiliona mbali kuliko lugha nyingine nilizozisikia. Waingereza waliotengeneza gari la kwanza walificha siri yake kwa kudai kwamba wanatengeneza matangi ya maji, na jina hilo la tangi likabaki katika lugha yao hadi leo, ingawa halisemi lolote kuhusu chombo chenyewe. Kifaru, kwa upande wake, ni mnyama mwenye ngozi nene na nguvu ya kuvunja kilicho mbele yake, lakini macho yake ni dhaifu. Yuko pia ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayekaa mgongoni mwa kifaru akila kupe, ambaye Kiswahili kimemwita askari wa kifaru. Anapomwona adui hupiga kelele, na kifaru akageuka kumkabili. Watafiti waliochunguza vifaru weusi nchini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020 waligundua kwamba mnyama mwenye ndege hao humtambua mtu anayemnyemelea akiwa mbali zaidi kuliko mnyama asiye nao.

Hoja yangu yote katika makala haya imo ndani ya picha hiyo. Gari la kifaru lina macho mabovu tangu siku ya kwanza, na historia yake ya zaidi ya miaka mia moja ni historia ya nani anayekuwa macho yake, na nini hutokea anapoondoka.

Kifo kilichotangazwa mara nyingi

Tarehe 15 Septemba 1916, karibu na kijiji cha Flers katika eneo la mto Somme nchini Ufaransa, Waingereza waliingiza vifaru vitani kwa mara ya kwanza duniani. Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa dhahiri. Majeshi ya pande mbili yalikuwa yamejichimbia kwenye mahandaki, mbele yao pakawa na seng'enge, na nyuma ya seng'enge bunduki za rashasha zilizoweza kuwafyeka maelfu ya watu waliotoka kwa miguu. Gari la chuma lilihitajika ili liikanyage seng'enge, livuke handaki na kuinyamazisha rashasha. Watu wanane walibanana ndani pamoja na injini, katika joto na moshi, wakienda kwa mwendo usiozidi ule wa mtu anayeharakisha kuiwahi feri. Mengi ya magari hayo yaliharibika kabla hata ya kumfikia adui.

Naisisitiza asili hii kwa sababu wengi wanaamini kwamba kifaru kiliundwa ili kipigane na kifaru kingine, na kwa hiyo kikikosa kifaru cha kupigana nacho kimekosa kazi. Sivyo. Vifaru vya pande mbili vilikabiliana kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1918, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya Flers. Kazi ya asili ni kumfungulia njia askari wa miguu mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kupita.

Mwaka mmoja baada ya Flers, Novemba 1917, zaidi ya vifaru 400 viliingia vitani Cambrai na kuyavunja mahandaki ya Wajerumani kwa siku moja. Lakini katika kijiji cha Flesquières, ambako askari wa miguu walibaki mbali nyuma ya vifaru vyao, mizinga ya Wajerumani ilivipiga kimoja baada ya kingine. Hakukuwa na mtu karibu wa kuwaona na kuwazuia wapigaji wa mizinga hiyo. Kwa hiyo funzo hilo ni la kale kama chombo chenyewe, na kila kizazi kimelazimika kujifunza upya kwa damu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Oktoba 1973, kwa sababu unafanana mno na haya ya leo. Misri ilipovuka mfereji wa Suez tarehe 6 Oktoba, askari wake wa miguu walibeba makombora madogo ya Kisovieti yaliyotiwa ndani ya sanduku mfano wa sanduku la safari. Askari mmoja alilala mchangani, akalirusha kombora, kisha akaliongoza kwa kijiti cha mkononi huku waya mwembamba ukijikunjua nyuma ya kombora na kupeleka amri zake. Tarehe 8 Oktoba vikosi vya vifaru vya Israel, vikiwa vimezoea kushinda kwa kasi, vilishambulia karibu bila askari wa miguu na bila mizinga ya kutosha ya kuwasaidia, vikateketezwa. Magazeti ya ulimwengu yaliandika kwamba kifaru kimekufa. Baada ya siku chache tu, Waisraeli walibadilisha mpango, wakaleta askari wa miguu na mizinga ya kulipua maeneo ambako wapiga makombora walijificha, na kabla ya mwezi kwisha vifaru hivyo hivyo vilikuwa upande wa pili wa mfereji.

Kadhalika Grozny, mwishoni mwa mwaka 1994 na mwanzoni mwa 1995. Warusi waliviingiza vifaru katikati ya mji wa Wachechen bila askari wa kutosha wa kukagua majumba. Anayetaka kuelewa kilichotokea na apite Kibokoni na vichochoro vinavyoelekea Ndia Kuu, ajiwekee mbele ya macho gari lenye upana wa mita tatu na nusu likijaribu kugeuka mle, na watu wenye maguruneti ya roketi wako kwenye madirisha ya ghorofa ya tatu na ndani ya vyumba vya chini ya ardhi. Mzinga wa kifaru hauwezi kuinuka kiasi hicho wala kuteremka kiasi hicho. Cha mbele kikipigwa na cha nyuma kikipigwa, vilivyo katikati vimenaswa. Hakukuwa na droni ya kupiga vifaru Grozny.

Mlango wa nakshi na paa la makuti

Sasa tuingie ndani ya chombo, maana hapa ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa. Watu huuliza: ikiwa deraya ni nene hivyo, mbona kitu kidogo kinaitoboa? Jibu la kwanza ni kwamba deraya haina unene mmoja. Hebu fikiria nyumba ya kale ya pwani yenye mlango wa mbele wa mbao nzito uliochongwa nakshi na kupigiliwa misumari ya shaba, lakini paa lake ni la makuti. Mwizi akija mlangoni atahangaika usiku kucha. Akipanda juu ataingia kwa dakika moja. Kifaru kimejengwa hivyo kwa makusudi. Lau kila upande ungekuwa mnene kama uso wake, uzito ungekuwa mkubwa hata kisiweze kusogea. Kwa hiyo waundaji waliweka chuma kingi mbele, ambako kwa miongo mingi hatari ilikuwa ikitokea, wakaacha juu, nyuma na chini kuwe kwembamba. Kombora la Javelin la Marekani, ambalo bei yake inapita dola 100,000, liliundwa lipande angani kwanza kisha lishukie paani. Droni imefanya kazi ile ile kwa dola mia chache.

Jibu la pili ni namna baruti hiyo inavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba inayeyusha chuma kwa moto. Ukweli ni kwamba mbele ya baruti huwekwa kikombe cha shaba chenye umbo la pia, na baruti inapolipuka hukifinya kikombe hicho hadi kikawa mchirizi mwembamba wa shaba unaokwenda kwa kasi kubwa mno. Mtu anayemwagilia bustani huliona jambo hilo kwa udogo wake kila akiweka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira wa maji: maji ni yale yale, lakini yakifinywa huruka mbali na kupiga kwa nguvu. Kinachotoboa ni mgandamizo na kasi, wala si joto, na ndiyo maana wavu au kizimba cha vyuma kilichowekwa nusu mita mbele ya deraya kinaweza kusaidia: droni inakwama hapo, au inalipuka kabla ya wakati wake, na mchirizi unapoteza nguvu kabla ya kufika.

Jibu la tatu linaturudisha kwenye shehena ya Faina. T-72 ina watu watatu tu ndani, kwa sababu mashine ndiyo inayopakia mzinga badala ya mtu wa nne. Risasi na baruti za mashine hiyo hupangwa kwa duara chini ya sakafu, yaani chini ya miguu ya watu wenyewe. Faida yake ni kwamba kifaru huwa kifupi, chepesi na rahisi kutengenezwa kwa wingi. Hasara yake ni kwamba mchirizi ukipenya na kuigusa baruti hiyo, yote hulipuka kwa pamoja, na kichwa kizima hung'oka. Vifaru vya Magharibi kama Abrams huweka risasi nyingi katika chumba cha nyuma ya kichwa, nyuma ya mlango wa chuma, na juu yake pana vibao vilivyokusudiwa kung'oka ili mlipuko utoke nje. Kifaru hicho nacho hupigwa na kuungua. Tofauti ni kwamba watu wake aghalabu hushuka wakiwa hai. Kwa hiyo kichwa kinachoruka katika video kinatueleza zaidi uamuzi wa wahandisi wa Kisovieti wa miaka ya 1960 na 1970 kuliko uwezo wa droni.

Ukraine, na kile ambacho video haionyeshi

Msafara mrefu wa Warusi uliokwama kaskazini ya Kyiv mwezi Machi 2022, wa kilomita zipatazo 60, haukushindwa na silaha moja. Uling'ang'ania barabara kwa sababu pembeni palikuwa na tope, ukaishiwa na mafuta, ukakosa askari wa kutosha wa kulinda ubavu wake, na ukashambuliwa kwa makombora ya begani na zaidi kwa mizinga ya kawaida, ambayo haikupata sifa kwa kuwa haina video nzuri. Kuhusu mafuta, Abrams moja hubeba lita 1,900 hivi na kwenda kilomita zipatazo 420. Kila kifaru basi kinafuatwa na lori la mafuta ambalo halina deraya yoyote. Hapa kwetu tuna ushahidi wa mawe wa jambo hili. Waomani walipoizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696, kuta zake hazikuwa zimebomoka wakati waliokuwa ndani wakiisha kwa njaa na maradhi, na ngome ikachukuliwa Desemba 1698. Ngome iliyokatiwa chakula huanguka hata kama ukuta wake ni mzima, na hivyo ndivyo ilivyo kwa ngome yenye minyororo.

Katika majira ya kiangazi ya 2023 Ukraine ilijaribu kupenya kusini, karibu na mji wa Orikhiv, ikiwa na vifaru vya Leopard 2 vya Ujerumani. Adui wa kwanza hapo alikuwa bomu la kutegwa ardhini. Kifaru kinachokatika mnyororo hakijafa, lakini kinasimama, na kilichosimama hupigwa na mizinga na helikopta mpaka kiteketee. Tangu hapo ndipo droni zilipoongezeka hadi kubadilisha uwanja wote. Leo kila msitu na kila njia karibu na mstari wa mbele inaangaliwa kutoka angani mchana na usiku, na kitu chochote kikubwa kinachotembea huonekana ndani ya dakika chache. Mwezi Aprili 2024 maafisa wa Marekani walisema kwamba hata vifaru vya Abrams, ambavyo Ukraine ilipewa 31 mwaka uliotangulia, vilikuwa vimerudishwa nyuma kwa ajili ya droni hizo.

Hilo ni badiliko la kweli, na anayelikana hajatazama vizuri. Lakini tuangalie pia jinsi tunavyolijua. Droni ni silaha inayopiga na kujipiga picha kwa wakati mmoja. Tunayoyaona ni mapigo yaliyofaulu, yaliyochaguliwa na kusambazwa na upande uliofaulu. Zile zilizoanguka kwa kuvurugwa mawimbi ya redio yanayoziongoza, zilizonaswa kwenye miti au zilizolipuka kwenye wavu hakuna anayezisambaza. Makamanda wa pande zote wamesimulia kwamba kukiteketeza kifaru kimoja mara nyingi huhitaji droni kadhaa, moja kukisimamisha, nyingine kubomoa vizimba, na nyingine kuingia kwenye mlango ambao watu wake wameuacha wazi wakikimbia. Ajabu nyingine ni kwamba, ili kukwepa vyombo vya kuvuruga mawimbi, droni za kuanzia mwaka 2024 zilianza kuongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo unaojikunjua nyuma yake kama uzi wa kishada. Waya wa mwaka 1973 umerudi, isipokuwa umekuwa mrefu zaidi.

Basi kazi ya kifaru imekuwa ipi? Kwanza, kimerudi nyuma. Mara nyingi hufichwa kilomita kadhaa kutoka mstari wa mbele, chini ya miti au ndani ya shimo lililofunikwa, hutoka kupiga risasi chache kwa mbali kama mzinga wa kawaida, kisha hurudi mafichoni. Pili, hakiendi kwa makundi makubwa. Vinapotoka ni viwili au vitatu, alfajiri au wakati wa ukungu. Tatu, kimevaa mavazi mapya. Warusi walifika hatua ya kukijengea kifaru kibanda kizima cha mabati na vyuma, hata kichwa chake kisiweze kuzunguka, ili kitangulie mbele, kifyeke mabomu ya ardhini na kubeba mapigo ya droni huku magari ya askari yakifuata nyuma yake. Walioviona vibanda hivyo mwanzo walivicheka. Mimi naona humo kazi ile ile ya mwaka 1916, ya gari la chuma kutangulia mahali ambapo mwili hauwezi kupita, ingawa safari hii limenyang'anywa hata matumizi ya mzinga wake.

Na bado mlango haukufungwa kabisa. Mwezi Agosti 2024, wakati droni zilikuwa zimekwisha kujaa kila mahali, Ukraine iliingia ghafla katika mkoa wa Kursk nchini Urusi kwa vifaru na magari ya deraya, ikiwa imetanguliza vyombo vya kuvuruga mawimbi na droni zake yenyewe za kuwapofusha walinzi wa mpaka, ambao walikuwa wachache. Ilisonga makumi ya kilomita kwa siku chache. Ndege wa mgongoni alikuwapo.

Kuhusu bei

Hoja inayopendwa zaidi barazani ni ya bei: droni ya dola mia tano inaua kifaru cha dola milioni kadhaa, kwa hiyo anayenunua kifaru ni mjinga. Hesabu hii ina nguvu, kwa sababu taifa linaweza kumalizika kwa gharama kabla ya kumalizika kwa watu, na kifaru kilichopotea huchukua miezi mingi kutengenezwa upya. Hata hivyo ina kasoro. Risasi moja ya bunduki ina bei ndogo kuliko kofia ya chuma ya askari inayempiga, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya karne moja, wala hakuna jeshi lililowaacha askari wa miguu kwa sababu hiyo. Kitu hakiondolewi vitani kwa kuwa kinaweza kuuawa kwa bei rahisi. Huondolewa pale kinapopatikana kingine cha kuifanya kazi yake. Na kazi ya kuvuka uwanja wazi chini ya risasi, kufika kwenye handaki la adui na kulipiga kwa mzinga kutoka karibu, bado haina mwingine wa kuifanya. Droni inaua anayesogea, lakini haikamati ardhi na kukaa juu yake. Na anayesema kwamba kifaru ni hatari mno siku hizi na ajiulize ni salama kiasi gani kwa kijana wa miaka ishirini kuvuka uwanja huo huo akiwa amevaa shati tu.

Kazi hiyo, bila shaka, si kila jeshi linayo. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani (Marines), linalojiandaa kwa vita vya visiwani katika bahari ya Pasifiki, lilitangaza mwaka 2020 kwamba linaviacha vifaru vyake vyote. Kenya ina vifaru vya Vickers kutoka Uingereza tangu zamani, lakini ilipoingia Somalia Oktoba 2011 hatari kubwa ikawa ni bomu lililofukiwa barabarani, na kwa hatari hiyo gari la magurudumu lenye tumbo la kukengeusha mlipuko hufaa zaidi. Waganda nao walivitumia vifaru vyao vikuukuu vya T-55 ndani ya Mogadishu kuvunja majengo yaliyofanywa ngome. Anayeuliza kama kifaru kinafaa lazima aseme kwanza ni mahali gani na dhidi ya nani.

Uingereza, iliyokizaa chombo hiki, imeamua kubaki na vifaru 148 tu vya Challenger 3. Poland, yenye mpaka na Ukraine na Belarus, imekwenda upande wa pili na tangu mwaka 2022 imeagiza mamia kutoka Korea Kusini na Marekani. Lakini kesi ninayoiona nzito zaidi ni ya Uholanzi. Mwaka 2011 iliamua kuvifuta vikosi vyake vyote vya vifaru ili kupunguza gharama, ikaviuza vingi vyake kwa Finland, na askari wake waliobaki na ujuzi huo wakawa wanahudumu katika kikosi cha Wajerumani kwa vifaru vya kukodi. Mwaka 2024, baada ya miaka miwili na nusu ya kuzitazama video zile zile zinazotazamwa barazani kwetu, iliamua kuunda upya kikosi chake na kuagiza Leopard 2A8 zipatazo 46. Kifaru hicho hutoka kiwandani kikiwa na rada ndogo pande zote za kichwa chake, zinazoliona kombora likija, pamoja na vyombo vya kulipiga kabla halijafika, na wahandisi wake sasa wanashughulika kuzifundisha rada hizo kutazama juu.